Nakundwa Alipomfungulia Mungu Kesi

Hadithi hii nimeipata kwa mtu, naye aliipata kwa mtu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila neno lilisemwa hivyo hivyo. Ninachoomba ni kimoja: isome polepole. Wapo watu ukiwapa hadithi wanakimbilia chini kutafuta funzo, kama mtoto anayemaliza nyama kwanza halafu anauliza ugali ataulia nini. Ukifanya hivyo na hii, funzo utaliona dogo, kisha utanilaumu mimi.

Haya.

Huko kwetu milimani Upare alikuwapo mama mmoja aitwaye Nakundwa. Mumewe, Mbonea, alikuwa fundi seremala, mtu mpole, wa maneno machache. Walikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mpaka majirani wakachoka hata kuuliza. Kisha Mungu akawapa binti, wakamwita Nietiwe.

Tangu hapo hakuna aliyemwita Nakundwa kwa jina lake. Dukani, njiani, kanisani, alikuwa Mama Nietiwe. Mnaojua kungoja mtoto mnaelewa jinsi jina lile lilivyokuwa tamu kwake. Mtu akimwita mara moja, alikuwa ananyamaza makusudi, ili aitwe mara ya pili.

Tena alikuwa mwimbaji. Kwenye kwaya ya usharika yeye ndiye aliyeanzisha, na akianzisha pambio, hata wazee waliokuwa wameanza kusinzia tangu matangazo walijikuta wamesimama. Nietiwe alikuwa anakaa benchi la mbele, anamwangalia mama yake mdomoni, anaimba naye neno kwa neno.

Mtoto alipofika miaka minane, Alhamisi moja alirudi kutoka shuleni akisema kichwa kinamuuma. Ijumaa homa ikapanda. Wakamteremsha hospitali, akapimwa kila kinachopimwa, na kila kipimo kikarudi kizuri. Wauguzi walikesha naye. Kanisa likafunga na kuomba. Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanaingia ibadani, Nietiwe akafariki. Daktari alivua miwani akawaambia wazazi ukweli: amefanya yote anayoyajua, na kilichomuua mtoto hakijui.

Msiba ukawekwa, watu wakaja wengi, maana familia ile ilipendwa. Lakini jamani, sisi watu wazima tukikosa la kusema msibani huwa tunasema lolote. Mmoja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine akasema Mungu akipita bustanini huchuma ua lililo zuri. Shangazi mmoja wa mume alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba homa ya namna ile si ya bure, kuna mkono wa mtu, aende kwa mganga akaangaliziwe. Na mama mmoja wa kikundi cha maombi, tena rafiki yake, alimwuliza kwa sauti ya huruma kama hakuna dhambi ambayo hajaitubu. Nakundwa aliwatazama wote akawa anasema asante, asante. Moyoni alikuwa anawaka.

Matanga yalipoanuliwa, watu wakaanza kumwita Nakundwa. Hawakukaa kikao wakakubaliana, ilitokea tu. Kila mmoja aliogopa kulitaja jina la marehemu mbele ya mama yake, na kila mmoja alidhani anamwonea huruma. Yeye kila alipoitwa Nakundwa alihisi mtoto wake anazikwa tena.

Sasa, mnaujua utani tunaotaniwa sisi Wapare, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani, lakini Nakundwa alikuwa Mpare kamili. Alimfungulia Mungu kesi.

Kanisa hakuliacha. Angeliacha, watu wangemwelewa upesi. Yeye alikuja kila Jumapili, akaketi kwenye benchi lile la mbele alilokuwa anakaa Nietiwe, akafunga mdomo. Watu wakisimama kuimba, yeye alikaa. Watu wakifumba macho kuomba, yeye alitazama madhabahu macho makavu, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Mwalimu wa kwaya alipomfuata kumsihi arudi, alimjibu kwa utulivu kwamba ana swali moja tu kwa Mungu, nalo ni kwa nini. Siku atakapojibiwa ndipo atakapoimba. Asipojibiwa, hataimba mpaka anaingia kaburini.

Mwalimu wa kwaya alirudi akawaambia wenzake wamwache. Walimjua. Likishamtoka neno, lilikuwa limetoka.

Mchungaji wa usharika, Eliamani, alikuwa bado kijana, ana mke na watoto wadogo. Tuseme ukweli, alimwogopa kidogo yule mama wa benchi la mbele. Kila akipanda kuhubiri alikuta macho yale yanamngoja. Siku moja akajikaza akaenda kwake. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, lakini alipoketi akaona ukutani sare ya shule imetundikwa, imefuliwa na kupigwa pasi. Yale maneno yote yakampotea.

Nakundwa akamwekea chai, kisha akasema:

"Mchungaji, mimi nina kesi na Mungu, na sitaki mtu wa kutupatanisha. Niambie tu. Unajua kwa nini mwanangu alikufa?"

Mchungaji akakiweka kikombe chini.

"Mama, sijui."

Nakundwa akamtazama vizuri. Wengi walikuwa wamekalia kiti kile, na huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikikupa sababu yoyote nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba Bwana Yesu mwenyewe, pale msalabani, aliuliza swali lako hilo hilo. Alimwuliza Baba kwa nini amemwacha."

"Akajibiwa nini?"

"Pale msalabani hakujibiwa."

"Na hilo ndilo umeniletea linifariji?"

"Sijui kama litakufariji, mama. Nimeona tu nikuambie kwamba swali lako halikutoi kwenye imani. Limo ndani yake."

Nakundwa aliinuka. Alimsindikiza mchungaji mpaka njiani akamshukuru, na safari hii asante yake ilikuwa ya kweli. Lakini Jumapili iliyofuata alikaa kimya vilevile. Kesi ni kesi.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hadithi haiendi mbele. Milimani tuna chemchemi nyingi, ila ni ndogo. Ukiiacha chemchemi itiririke yenyewe kwenye mfereji, udongo unaimeza njiani, na shamba la chini halioni hata tone. Ndiyo maana watu wa zamani walichimba mabwawa madogo, tunayaita ndiva. Jioni ndiva inazibwa kwa kizibo, yaani gogo refu lililofungwa majani ya mgomba na kukandikwa tope. Maji yanakusanyika usiku kucha. Alfajiri kizibo kinang'olewa, maji yanatoka kwa nguvu, yanashuka mfereji wote mpaka mwisho wake.

Na kwenye ndiva ya kijijini kwao Nakundwa desturi ilikuwa kwamba shamba la mwisho ndilo linaloanza kunyweshwa, wakati maji yana nguvu. Walio karibu na ndiva wanangoja. Anayezibua hushuka pamoja na maji, jembe mkononi, anaondoa majani makavu na kufukia mashimo, mpaka ayafikishe kwa mtu wa mwisho. Ndipo anarudi nyumbani kwake.

Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Mbonea, na kwa kuwa Mbonea alikuwa na useremala wake, aliifanya Nakundwa. Zamani alikuwa anashuka na maji huku anaimba. Watu wa bondeni walijua maji yanakuja kwa kuisikia sauti yake kabla hawajaona hata unyevu. Tangu msiba akawa anazibua tu, anageuka, anarudi ndani, anaacha maji yajitafutie njia. Yalifika, ila kwa kuchelewa na kwa taabu. Wa bondeni hawakulalamika. Walichukua majembe yao wakajiondolea majani wenyewe, kimyakimya.

Mwaka ukaenda hivyo, ikaingia Kwaresima. Mvua za masika zilikuwa hazijaanza, jua lilikuwa kali, na mahindi ya bondeni yalikuwa yanatoa mbelewele. Mkulima yeyote atakuambia: hapo ndipo mahindi yakikosa maji, umekosa mwaka.

Jioni moja Nakundwa akiwa njiani kwenda kuziba ndiva, alipita nyuma ya kanisa. Kwaya ilikuwa mazoezini, wanajiandaa na nyimbo za Pasaka. Wakaanza pambio lile ambalo Nietiwe alilipenda kuliko yote. Lilianzishwa na sauti nyingine, nzuri tu, haikuwa na kosa lolote. Nakundwa alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea na safari yake.

Pale kwenye ndiva akashika kizibo. Akaangalia maji yanavyoingia kidogo kidogo upande wa juu na kutoka kidogo kidogo upande wa chini, na hasira aliyokaa nayo mwaka mzima ikampanda mpaka mikononi. Akasema kwa sauti, hakuna mtu wa kumsikia:

"Kila jioni mimi nafanya kazi yangu. Wewe neno moja tu umeninyima."

Akakitupa kizibo kwenye nyasi, akaondoka. Hakusahau, wala hakuteleza. Aliiacha ndiva wazi kwa kusudi, kama mtu anayegoma.

Hakumwambia Mbonea. Alilala vibaya, na kulipopambazuka alirudi. Ndiva ilikuwa tope tupu. Mfereji ulikuwa umelowa pale karibu tu, kwenye vishamba vya juu ambavyo wala havikuwa na shida. Kule chini ulikuwa mkavu, majani yamelala ndani yake kama yalivyolala jana. Ile hasira ilikuwa imekwisha kabisa, kilichobaki ni aibu. Mungu hakuumia chochote kwa mgomo ule. Aliyeumia alikuwa mtu wa shamba la mwisho.

Na mtu wa shamba la mwisho, Nakundwa alimjua. Alikuwa Eunike, mke wa kijana mmoja wa bondeni. Alikuwa ameolewa hivi karibuni na anakaa na mama mkwe. Nakundwa alirudi nyumbani akakaa kizingitini, akingoja mtu aje kumshtaki. Uongo alikuwa nao tayari: angesema kizibo kililegea kikachukuliwa na maji.

Jua lilipopanda, kweli akamwona Eunike anakuja. Alikuja polepole, anasimama kila mara kuvuta pumzi, kanga ameikaza kifuani kwa nguvu. Nakundwa alishangaa kidogo, binti mdogo vile kuchoka namna ile. Eunike akafika, akampa shikamoo, akaitikiwa. Akaketi chini kabla hajakaribishwa.

"Mama mkwe amenituma niulize maji," akasema.

Nakundwa akaanza habari zake za kizibo kulegea. Eunike akatikisa kichwa.

"Mama Nietiwe, mimi sikuja kwa ajili ya maji."

Mwaka mzima lilikuwa halijatamkwa jina lile masikioni mwake. Uongo wote ukamkatikia mdomoni.

Basi Eunike akamweleza, akitazama chini. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mimba ilikwenda vizuri mpaka mwisho. Uchungu ulipomjia mkunga alisema kila kitu kiko sawa. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima wa viungo, ila hakupumua. Hakuna aliyejua kwa nini. Na nyinyi mnajua desturi yetu: mtoto aliyezaliwa amekufa hawekewi matanga. Kina mama walimfunga kwenye kitambaa wakamzika ukingoni mwa migomba. Kengele haikupigwa, mchungaji hakuambiwa, hakuna aliyekuja kukaa naye. Mama mkwe si mtu mbaya. Alimpikia uji, akamwambia utazaa mwingine, na baada ya siku chache akamrudishia jembe lake. Maziwa yakaja kifuani, na hakuna wa kuyanyonya.

Nakundwa alikuwa hata hajui kwamba binti huyu alikuwa mjamzito. Alikuwa amejifungia kwenye kesi yake muda wote huo, habari za bondeni hazikumfikia.

"Sasa mwanangu," akauliza, "umepanda mlima wote huu na hali hiyo. Kwa nini umekuja kwangu?"

Eunike akainua uso.

"Kwa sababu kanisani wewe ndiye pekee usiyesimama kuimba. Nilikuwa nakuangalia kutoka nyuma. Nikasema, yule mama hataniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa."

Nakundwa aliposikia hivyo alishikwa na kitu asichokijua jina lake. Kimya kile alikuwa amekiweka kwa ajili ya Mungu peke yake, kama shtaka lake. Kumbe nyuma kabisa ya kanisa alikuwapo mtu mwingine anakitegemea. Akauliza swali ambalo hata yeye alikuwa halijui mpaka lilipomtoka.

"Ulimwita nani?"

Eunike akamwangalia kwa mshangao. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Tena alikuwa ameambiwa mtoto ambaye hakupumua hapewi jina. Lakini jina alikuwa nalo, alilichagua zamani, mtoto akiwa bado anacheza tumboni.

"Aminieli," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nakundwa akasimama, akamshika mkono, akamwinua.

"Karibu ndani, Mama Aminieli."

Hapo Eunike alilia. Alilia kwa sauti, kama msibani, maana sasa ulikuwa msiba. Na Nakundwa, ambaye tangu amzike mtoto wake hakuwa amelia mbele ya mtu, alilia naye, mpaka chai waliyomiminiwa na Mbonea ikapoa mbele yao. Mbonea aliwaangalia, akalisikia lile jina, akarudi kwenye karakana yake. Wakasikia randa inaanza kupita kwenye ubao.

Jioni wawili hao walikwenda pamoja kwenye ndiva. Eunike alishika majani ya mgomba, Nakundwa akasukuma gogo. Maji yakasimama, yakaanza kupanda. Ndipo Nakundwa akamwambia ukweli, kwamba kizibo hakikulegea, ni yeye aliyekiacha nje kwa hasira, na kama mahindi yamekufa ni kwa ajili yake.

Eunike akanawa tope mikononi.

"Maji yangefika leo asubuhi, nisingetumwa," akasema. Basi, hakurudia tena habari hiyo.

Alfajiri Nakundwa aling'oa kizibo. Safari hii hakugeuka nyuma. Alichukua jembe akashuka na maji, kama zamani. Yakapita vishamba vya juu, yakapita kwenye mibuni, yakasukuma majani makavu mbele yake, na kila yalipokwama aliyafungulia. Mfereji ule ni mrefu, naye alikuwa ameusahau urefu wake. Alijiuliza chemchemi ndogo vile, anayoweza kuiziba kwa kiganja, inawezaje kufika huku. Kisha akakumbuka kwamba ilikuwa imezibwa usiku kucha.

Maji yakaingia shamba la mwisho. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani, ila yalikuwa hai. Eunike alikuwa anangoja pale na jembe lake, na pembeni ya migomba, kando ya kifusi kidogo cha udongo uliotifuliwa, alikuwa amesimama Mbonea. Alikuwa ameshuka kwa njia ya mkato, amebeba msalaba mdogo wa mbao aliouchonga jana, umeandikwa Aminieli.

Wakausimika. Mbonea akavua kofia. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Nakundwa akafungua mdomo. Mara ya kwanza sauti ilikwaruza kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Akakohoa, akaanza tena. Akaliimba lile pambio alilolipenda Nietiwe, beti zote, machozi yanamtiririka na sauti haikatiki.

Bondeni watu walikuwa wameshaingia mashambani. Sauti ile waliijua. Mmoja akasimamisha jembe, na mwingine, na mwingine. Kina mama wakaja mmoja mmoja wakipita katikati ya mahindi, wakaona msalaba, wakasoma jina, wakaelewa. Mama mkwe alikuja wa mwisho. Alisimama karibu na mkwewe, akamshika bega, akaitikia pambio. Ndivyo Aminieli alivyopata watu wa kumlilia.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Wimbo wa kwanza ulipoanza, kwenye benchi la mbele walisimama wanawake wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana. Mwalimu wa kwaya alipoteza mahali alipokuwa, akabaki mikono juu. Mchungaji Eliamani siku hiyo alihubiri kwa shida, maana kila akitazama mbele macho yake yalijaa maji.

Ibada ilipokwisha, akamwendea Nakundwa mlangoni akamwuliza taratibu:

"Mama, ile kesi imeishaje?"

"Haijaisha, Mchungaji. Sababu bado sijaambiwa. Na usije ukahubiri kwamba mwanangu alikufa ili mimi nimfariji mtu. Hilo silikubali."

"Siwezi kuhubiri hivyo."

"Lakini nilishuka na maji mpaka shamba la mwisho," Nakundwa akasema. "Nilidhani nakwenda peke yangu. Nilipofika, yule niliyemshtaki nilimkuta ameshafika kabla yangu. Amekaa na yule binti pale kwenye migomba, ananingoja."

Nyuma yao watu walikuwa wanasukumana kutoka. Chai ya Pasaka ilikuwa imeandaliwa uani, na kina mama walikuwa wanawagombeza waliotangulia kwenye sinia za maandazi.

"Karibu chai, Mama Nietiwe," mchungaji akamwambia.

Yeye akanyamaza makusudi, ili aitwe mara ya pili.

Basi ndugu yangu, hadithi ndiyo hiyo. Ukitaka kuwatumia wengine, watumie. Lakini kama unamjua mtu aliyefiwa na hakuwekewa matanga, huyo usimtumie kwenye simu. Panda mlima au shuka bondeni, ukae naye, umwulize jina la mtoto wake.

Funzo: Mungu hakutuahidi kutueleza sababu ya kila chozi, alituahidi kuwa pamoja nasi, na uchungu uliokuziba leo, ukishuka nao mkononi mwa Mungu, utamfikia mtu wa mwisho ambaye maneno mepesi hayajawahi kumfikia.